Seti ya kuanzia kufuga paka: vitatu vibaki, vingine virudi dukani

Boksi lenyewe unalijua hata kama hujawahi kulinunua. Juu kuna picha ya mtoto wa paka mwenye macho ya mviringo, na pembeni wameandika kwamba ndani mna kila kitu anachohitaji mtu anayefuga paka kwa mara ya kwanza. Watengenezaji ni wengi na rangi ni za kila namna, lakini ukilifungua hukosi kukuta vitu vilevile: trei na kichoteo chake, mfuko wa mchanga wenye manukato, bakuli pacha la plastiki, mkanda wa shingoni wenye kengele, nguzo ya kukwarulia, vichezeo, shampuu, kikata kucha na, kwenye seti kubwa, kibebeo. Tathmini hii ni ya bidhaa ya aina hiyo kwa jumla, si ya kampuni moja.

Kasoro ya seti hizi haiko kwenye plastiki hafifu wala rangi inayochuja. Iko kwenye vipimo: kila kitu kimepimwa kiingie kwenye boksi, na boksi likae kwenye rafu. Paka hakupimwa. Ukishalijua hilo, mengine yanajieleza. Trei ni fupi, nguzo ni fupi, mchanga ni kiganja, na mabakuli mawili yameunganishwa ili yasile nafasi. Vya kubaki navyo ni vitatu tu: kichoteo, kikata kucha, na kibebeo kama ni kile kigumu.

Tuanze na trei, maana hapo ndipo ufugaji mwingi unapoharibikia. Trei nyingi za seti hazizidi sentimita 40 kwa urefu. Mtoto wa paka wa wiki 10 anageuka humo bila shida. Akifika miezi 5 au 6, miguu ya mbele inakanyaga ukingo, makalio yananing'inia nje, na mkojo unaishia sakafuni. Mwenye paka anaona ukaidi, anapiga kelele, paka naye anajifunza kwamba trei ni mahali pa kugombezwa, anahamia nyuma ya kochi. Chanzo cha yote ni sentimita 30 zilizopungua.

Kipimo ni hiki: mpime paka kuanzia puani hadi mkia unapoanzia, kisha zidisha kwa moja na nusu. Paka mkubwa wa kawaida ana kama sentimita 46, kwa hiyo trei yake inakaribia sentimita 70. Ukikosa ya kununua, chukua boksi la plastiki la kuhifadhia nguo lenye kuta za sentimita 25 hadi 30. Kata upande mmoja uwe mlango, ubakize ukuta wa sentimita 10 hivi chini (kwa mtoto wa paka, 6 zinatosha), kisha pitisha msasa kwenye ukingo uliokatwa mpaka kidole kiteleze bila kukwama. Usiache hata jino moja la plastiki. Ngozi ya tumbo la paka ni laini na atapita hapo mara kadhaa kila siku.

Baadhi ya seti huongeza kifuniko chenye kimlango cha kusukuma. Kinapendeza, na kinamfichia mwenye nyumba asichotaka kukiona. Kwa paka ni choo kisicho na dirisha: amonia, ile hewa kali ya mkojo, inabaki ndani na yeye anaivuta puani. Kama trei inanuka mpaka inahitaji paa, dawa yake ni kuchota. Na idadi ya trei ni paka uliye nao kuongeza moja: paka mmoja trei 2, paka wawili trei 3, na zisikae bega kwa bega. Trei mbili zilizogusana, paka anazihesabu kuwa moja. Zisiwekwe pia kando ya mashine ya kufulia. Ikianza kuzunguka kwa kishindo wakati amechutama, siku hiyo inaweza kuwa ya mwisho kuitumia.

Mchanga wa kwenye seti una makosa mawili, harufu na kiasi. Manukato yamewekwa kwa ajili ya pua yako. Pua ya paka ni kali kuliko yako mara nyingi, na kinachokunukia maua kinaweza kumtosha akaikimbia trei. Kuhusu kiasi, hesabu ni rahisi. Trei yenye sakafu ya sentimita 60 kwa 40, ukitaka kina cha sentimita 6, inameza lita 14 na ushee. Mfuko wa lita 3 unaokuja na seti utafunika sakafu hiyo kwa kina cha sentimita 1 na robo. Kwa kina hicho mkojo unafika chini moja kwa moja, unagandana na plastiki kama saruji, na kila ukikwangua unaacha michubuko inayohifadhi harufu. Kina kinachofaa ni sentimita 5 hadi 7.

Nunua mchanga wa udongo wa bentonaiti, wa chembe ndogo, usio na harufu. Bentonaiti hufura ikilowana na kufanya donge unaloweza kulitoa zima. Kwa sababu hiyohiyo, mtoto wa paka asiwekewe huo hadi atimize miezi 3 au 4, kwa kuwa umri huo hutia kila kitu mdomoni, na kinachofura kwenye trei kitafura pia tumboni. Mpe kwanza vipande vya karatasi iliyoshindiliwa au vya mbao visivyogandana. Siku ya kubadilisha, usimwage vyote kwa mpigo: changanya robo ya mpya, ongeza kila baada ya siku 2 au 3 mpaka wa zamani uishe. Mchanga unaogandana hubadilishwa wote kila baada ya wiki 2 hadi 4, usiogandana kila wiki, na trei ioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya kawaida. Dawa za kuua vijidudu zenye fenoli, zile ambazo nyingi hugeuka nyeupe kama maziwa zikiingia majini, ni sumu kwa paka. Ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuivunja fenoli, naye hulamba miguu yake kila akitoka choo.

Kichoteo kibaki. Hata cha plastiki kinafaa, mradi nafasi za meno yake zipitishe chembe kavu na kuzuia donge. Chota asubuhi na jioni. Sababu si usafi peke yake. Vimelea vya toksoplazma (huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni), paka akiwa navyo, huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kilichotolewa siku ileile hakijawa hatari. Mjamzito bado amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Asipokuwepo, avae glavu na anawe vizuri kwa sabuni.

Kichoteo pia ndicho kipimo cha afya cha bei rahisi kuliko vyote, ingawa hakuna boksi linalokuambia hivyo. Paka mkubwa mwenye afya huacha madonge 2 hadi 4 ya mkojo kwa siku na kinyesi mara moja au zaidi kidogo. Madonge yakiongezeka ghafla na kuwa makubwa, mpeleke apimwe figo na sukari. Lakini ukimkuta paka dume amechutama, anakamua, anatoka, anarudi tena, analamba sehemu zake za siri na mchanga umebaki mkavu, usingoje kesho. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba, na ukiziba anaweza kufa ndani ya siku 1 au 2. Wengi hudhani amefunga choo, wanamnywesha mafuta, na saa zinapotea.

Bakuli pacha lirudi dukani. Plastiki huchubuka, michubuko hufuga bakteria, na paka wengine hutokwa na vipele vyeusi kidevuni. Kuunganisha chakula na maji ni kosa la pili: punje zinadondokea majini, maji yanachacha, paka anayakataa. Weka maji mbali na chakula, ikiwezekana chumba kingine, kwenye bakuli pana la chuma cha pua au la kauri ambalo halimgusi masharubu. Paka anahitaji kama mililita 50 za maji kwa kila kilo ya uzito kwa siku, chakula kikihesabiwa ndani yake. Paka wa kilo 4 basi anahitaji mililita 200. Akila chakula cha kopo, ambacho asilimia 75 hadi 80 ni maji, karibu zote anazipata humo. Akila punje kavu, zenye asilimia 10 hivi, itabidi anywe mwenyewe, na wengi hawanywi vya kutosha.

Pakiti ya majaribio ya chakula inayotupiwa ndani ya seti isikulazimishe kubadili. Siku 7 za kwanza mlishe alichokuwa anakula alikotoka, kisha changanya kipya kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10. Kwenye lebo tafuta maneno yanayosema ni chakula kamili kwa umri wake. Kilichoandikwa cha nyongeza ni kitafunwa tu. Chakula cha mbwa hakifai hata kikiwa kizuri kiasi gani, kwa sababu paka hawezi kujitengenezea taurini, kirutubisho cha lazima kwake, ya kumtosha. Akiikosa kwa miezi mingi, nuru ya macho inapotea na misuli ya moyo inalegea. Maziwa ya ng'ombe nayo yaache. Paka wengi wakishaachishwa kunyonya hupoteza uwezo wa kuyameng'enya, na unaloliona la mapenzi kwenye bakuli linarudi kuwa kuhara kwenye trei. Jambo moja la kushika: paka mpya anaweza kugoma kula siku ya kwanza kwa woga, lakini saa 24 zikipita bila kitu kwa mtoto wa paka, au zikikaribia 48 kwa mkubwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Paka anayefunga, hasa mnene, mafuta hukimbilia kwenye ini na kuliua.

Mkanda wa shingoni uvute kwa mikono miwili kabla ya kuufikiria zaidi. Ukishika kama kifungo cha mkoba, tupa. Unaofaa una kifungo kinachoachia chenyewe paka akinasa kwenye tawi au ukingo wa dirisha. Ile yenye mpira wa kuvutika ni mibaya kuliko yote, kwa kuwa paka hupitisha mguu wa mbele, na mpira unakata kwapani taratibu bila mtu kujua. Kati ya mkanda na shingo vidole viwili viingie bila kubana wala kupwaya. Mtoto wa paka akaguliwe kila wiki, anakua. Utambulisho wa kudumu ni chipu ndogo kama punje ya mchele inayochomwa chini ya ngozi kati ya mabega. Ina namba ya tarakimu 15, na namba hiyo haisaidii kitu kama hukuisajili pamoja na simu yako. Ukibadili simu, badilisha na usajili.

Nguzo ya kukwarulia ndiyo mzaha wa seti nzima. Urefu wake sentimita 40, kitako chepesi kama sahani. Paka anakwarua ili kuvua ganda la nje la kucha, kuacha harufu yake, na kujinyoosha mgongo wote, na paka mkubwa akijinyoosha anapita hapo mbali. Akiiegemea, inapinduka. Ikimpindukia mara moja, harudi, na kochi halipinduki. Nguzo iwe na sentimita 80 hadi 90, izungushiwe kamba ya katani, na ukiisukuma juu kwa kiganja isitikisike. Isimamishe pale anapoamkia usingizini au kando ya kochi analolikwarua tayari. Ukiificha pembeni mwa stoo umeiweka kwa ajili yako. Wengine hupenda kukwarua chini, na hao kipande cha kadibodi yenye mikunjo kilicholazwa sakafuni huwatosha. Kung'oa kucha usikufikirie. Ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole, na nchi nyingi zimekataza.

Vichezeo: fimbo yenye manyoya nzuri, lakini baada ya mchezo ifungiwe kabatini. Uzi ukimezwa hunasa upande mmoja wa utumbo na kuukunja utumbo wenyewe kama mkunjo wa kamba ya suruali. Ukiuona unaning'inia mdomoni au nyuma, usivute. Panya wa kitambaa wang'olewe macho ya plastiki kabla ya kugawiwa. Dakika 5 hadi 10 mara mbili au tatu kwa siku, mwisho umpe chakula.

Chupa ya shampuu haina kazi. Ulimi wa paka unafanya hiyo kazi bure, na kumtumbukiza majini wiki ya kwanza ni njia ya haraka ya kuharibu uhusiano. Chukizo kubwa zaidi ni seti zinazoongeza poda au matone ya viroboto. Soma kila kiambato. Ukiona pemethrini (dawa ya kuua wadudu, kwenye lebo huandikwa permethrin), au picha ya mbwa peke yake, isiingie nyumbani kwako. Paka aliyepakwa dawa ya mbwa yenye pemethrini huanza kutetemeka masikio na ngozi, kisha mwili mzima, kisha degedege, na anaweza kufa. Dawa ya viroboto inunuliwe kwa uzito wa paka aliyepimwa kwenye mizani, idondoshwe kwenye ngozi chini ya kisogo ambako ulimi haufiki, na kila mnyama wa nyumba hiyo apate ya kwake siku hiyohiyo. Matandiko yafuliwe kwa nyuzi 60, kwani mayai na mabuu hawakai juu ya paka, wako kwenye zulia.

Kikata kucha cha seti, kwa mshangao, huwa kizuri. Paka ana kucha 18, tano kila mguu wa mbele na nne kila wa nyuma. Bonyeza kidole taratibu ukucha utokeze, uutazame kwenye mwanga: ndani kuna sehemu ya waridi, hiyo ina damu na fahamu. Kata ncha iliyo wazi tu, milimita 2 mbele ya waridi. Kucha mbili kwa kikao kimoja zinatosha mwanzoni. Ukikosea damu ikatoka, kandamiza kwa unga wa mahindi na pamba kwa dakika chache.

Sasa kibebeo. Kama seti yako ina kile cha kitambaa chenye zipu, kirudishe. Paka mwoga husukuma zipu kwa pua mpaka ifunguke, na akikojoa kinalowa chote. Unachotaka ni plastiki ngumu ya nusu mbili zinazoshikwa na klipu, mlango wa chuma mbele, na bora zaidi kiwe na mlango mwingine juu. Faida yake inaonekana kwa daktari: anafungua klipu, anaondoa nusu ya juu, na paka anachunguzwa akiwa amelala kwenye nusu ya chini aliyoizoea, bila kuburutwa. Kabla ya kumtia paka, tia mfuko wa mchanga wa kilo 5, shika mkono wa juu, kitikise kwa nguvu. Klipu ikiruka na mchanga, ingeruka na paka barabarani.

Kisikae darini. Kiache sebuleni mlango wazi, tandika kitambaa, mlishe karibu nacho, halafu mlangoni, halafu ndani kabisa. Wiki 2 zinatosha kwa wengi. Ikibidi kumwingiza kwa dharura, kisimamishe wima mlango ukitazama juu, mshike kifuani na nyuma, mteremshe kwa miguu ya nyuma kwanza. Kwenye gari kikae sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, kimefunikwa taulo.

Na vipo ambavyo hakuna boksi linaloviuza. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi 8 na hurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16 au zaidi, kwani kinga aliyopewa na mama huweza kuizima chanjo ya mapema. Ya kichaa cha mbwa huanza wiki ya 12. Minyoo, kila wiki 2 akiwa mdogo, kisha kila mwezi hadi miezi 6, dozi kwa uzito. Kufunga kizazi au kuhasi kufanyike kabla ya miezi 5, kwani jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na wiki 9 baadaye unatafutia watoto makazi. Maua ya lili (jamii ya Lilium na Hemerocallis) yatoke nyumbani yote, hata maji ya chombo chake, kwa sababu chavua iliyolambwa tu huua figo. Parasetamoli ikae alipo binadamu peke yake. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka.

Mwisho kuna kile kitanda cha manyoya ya bandia, ambacho paka hakitazami mara mbili. Siku ya kumchukua, omba huko anakotoka kitambaa alichokuwa analalia, kisichofuliwa, na kiganja cha mchanga uliotumika ndani ya mfuko. Kitambaa kiweke kwenye kibebeo, mchanga umwage juu ya trei mpya, mfungie chumba kimoja siku 3 za kwanza na umwache atoke mwenyewe chini ya kitanda. Atanusa kitambaa, atanusa trei, na usiku huo utasikia anafukua.